Sura ya 5: Maji Yanang'aa, Je, Ni Mazima?

Ukionekana ufukweni na chupa ya sampuli mkononi, hufiki mbali kabla hujaulizwa: "Eti, maji yetu ni masafi?" Utaulizwa hivyo Chwaka, utaulizwa Gazi, utaulizwa Mtwapa. Atauliza mama aliyebeba gunia la mwani kichwani, atauliza mwenye hoteli, atauliza kijana anayepeleka wageni kuogelea. Wote wanataka neno moja tu, ndiyo au siyo.

Neno hilo halipo, na si kwa sababu wataalamu hupenda kuzungusha maneno, ingawa wapo wanaopenda. Waulizaji wenyewe hawaulizi jambo moja. Anayeogelea anauliza kama usiku ataumwa tumbo. Mvuvi anauliza kama tasi watakuwepo mwakani. Mkulima wa mwani anataka kujua kama miche yake itanenepa au itamwozea kambani. Na maji yanayomfaa mmoja yanaweza kumfilisi mwenzake: maji yenye joto kali, maangavu, yasiyo na kijidudu hata kimoja, ni raha ya mwogeleaji na msiba wa mwenye mwani.

Katika sura hii tutaligawa swali hilo mara mbili. Kuna usafi wa maji, yaani kilichomo ndani ya maji saa unapoyachota. Kuna na uzima wa mahali, yaani kama mimea na wanyama wa hapo bado wanaishi, wanazaana na kulishana kama inavyopasa. Usafi hupimwa kwa chupa. Uzima hupimwa kwa macho, magoti na subira. Pwani yetu ina mazoea mabaya ya kupima la kwanza halafu kutangaza la pili.

Mahali penyewe

Lagoni ni maji ya pwani yenye kina kifupi, yaliyokingwa na bahari kuu kwa mwamba wa matumbawe, fungu la mchanga au ulimi wa ardhi, lakini yenye mlango wa kuingilia na kutokea. Upande wa mashariki wa Unguja karibu wote uko hivyo: mawimbi huvunjikia mbali kwenye mwamba, na kati ya mwamba na ufukwe kuna maji ya kiunoni ambayo watoto huyavuka kwa miguu.

Mfano wetu mkuu utakuwa Ghuba ya Chwaka, iliyokingwa na mwamba upande mmoja na rasi ya Michamvi upande wa pili. Kina chake kwa wastani ni kama mita 3. Kusini mwake umejikusanya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Unguja, takriban hekta 3,000, na tangu 2004 sehemu ya eneo hilo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Hakuna mto mkubwa unaomwaga maji humo. Maji matamu huingia kwa mvua, na kwa njia nyingine ambayo wengi hawaihesabu: hupenya chini ya ardhi kupitia mawe ya matumbawe na kuchomoza ufukweni. Tutairudia njia hiyo, maana ndiyo inayobeba siri za makaro ya vyoo.

Sakafu ya ghuba imefunikwa na majani ya bahari. Msomaji asiyachanganye na mwani. Mwani hauna mizizi. Hunyonya chakula kwa mwili wote, ndiyo maana unaweza kufungwa kambani ukaota. Majani ya bahari ni mimea kamili, yenye mizizi, mashina ya chini ya mchanga, hata maua na mbegu. Chwaka zimehesabiwa aina 11. Humo ndimo tasi na pono hula, changu wachanga hujificha, na kina mama hufukua chaza maji yakipwa.

Yanayotisha bure na yasiyotisha inavyostahili

Macho ni chombo kizuri cha kupimia, lakini yamefundishwa na kadi za posta. Tumezoeshwa kwamba maji ya samawati ni masafi na ya kahawia ni machafu. Nenda Mapopwe, mkondo mkuu wa mikoko ya Chwaka, maji yakitoka. Utayaona yana rangi ya chai ya rangi. Rangi hiyo hutoka kwenye majani na magome ya mikoko, ileile inayotumiwa kutia rangi ngozi. Ni dalili ya msitu unaofanya kazi yake.

Harufu nayo husingiziwa. Tope la mikoko hunuka kama yai viza, na mgeni hudhani kuna bomba la choo limepasuka. Ndani ya tope hilo hakuna hewa ya oksijeni, hivyo bakteria wanaoozesha majani hutoa gesi yenye salfa, na hiyo ndiyo inayonuka. Tope la mikoko limenuka hivyo tangu enzi za mababu. Tope likianza kunuka namna hiyo mahali pa mchanga mweupe, palipokuwa hapanuki, hapo ndipo pa kuinua kichwa.

Kisha kuna marundo ya majani makavu yanayotupwa ufukweni wakati wa kusi. Hoteli nyingi huyaona ni uchafu na kulipa vijana wayazoe kila asubuhi. Kwa maoni yangu hiyo ni hasara mara mbili: marundo hayo hushikilia mchanga usichukuliwe na mawimbi, na hulisha kaa, viroboto wa pwani na ndege. Ufukwe usiopokea majani hata wakati wa kusi ndio wa kuulizia habari zake.

Upande wa pili kuna mambo yasiyomtisha mtu. Maji maangavu kama kioo yanaweza kuwa na bakteria wa kinyesi kwa maelfu, kwa sababu bakteria hawaonekani. Nyuzinyuzi za kijani kibichi zinazoota juu ya mawe mbele ya hoteli, wageni huzipiga picha kwa uzuri wake, kumbe pengine ndizo zinazotangaza kwamba karo linavuja. Na majani ya bahari yaliyovikwa ukoga mzito wa kahawia, mtu hupita akidhani ndivyo yalivyoumbwa.

Saa ya kuchota

Kabla ya kuzungumzia nini cha kupima, tuzungumzie lini. Hapa wavuvi wamewatangulia wenye maabara kwa karne nyingi.

Kwenye lagoni yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika kama 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua hata isifike mita moja na nusu. Maana yake ni kwamba kwenye bamvua ghuba hujisafisha kwa nguvu, na kwenye maji mafu maji yaleyale huzungukazunguka humo kwa siku kadhaa, yakijikusanyia kila kinachomwagwa.

Chukua bomba moja linalovuja. Ukichota maji mbele yake saa kumi jioni siku ya bamvua, bahari imejaa pomoni na umepata maji ya bahari kuu yaliyoingia muda si mrefu. Kipimo kitakuwa safi. Ukichota mahali hapohapo siku ya maji mafu, maji yakikaribia mwisho wa kupwa, utapata maji yaliyotoka nchi kavu. Kipimo kitakuwa kingine kabisa. Anayetaka cheti kizuri anajua saa ya kuchota, na vyeti vingine nilivyoviona vikining'inia kwenye mapokezi ya hoteli havionyeshi saa wala hali ya maji. Cheti cha namna hiyo hakifai hata kufungia karanga.

Saa za bamvua pwani yetu zina jambo jingine. Kwa Unguja na Mombasa, siku za bamvua maji hujaa kabisa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kwa hiyo maji yanapokuwa machache kuliko wakati wote, jua linapanda kuelekea utosini. Vidimbwi vilivyobaki juu ya mchanga huchemka. Siku za kaskazi, Januari hadi Machi, joto la vidimbwi hivyo hupita nyuzi 35. Anayepima joto jioni tu, bahari ikiwa imejaa, hatalijua joto hilo kamwe.

Kwa ufupi:
- Pima maji yakitoka na yakiingia, kwenye bamvua na kwenye maji mafu.
- Pima kaskazi na kusi, kiangazi na masika.
- Kipimo kisicho na tarehe, saa na hali ya maji hakina thamani.

Ndani ya chupa

Vipimo vya maji ni vingi, lakini vichache hubeba mzigo wote.

Oksijeni ndiyo ya kwanza. Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, na maji ya moto hubeba kidogo kuliko ya baridi. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28 hubeba takriban miligramu 6.4 kwa lita. Ikishuka chini ya 4, samaki huanza kuhangaika. Ikishuka chini ya 2, wanaoweza hukimbia na wasioweza hufa. Oksijeni haitulii. Mchana majani ya bahari huitengeneza kwa nguvu ya jua; chuchumaa saa sita kwenye maji ya magotini utaona vipovu vikipanda kutoka kwenye majani. Usiku hakuna jua, lakini mimea, samaki na bakteria wote wanaendelea kupumua ileile iliyobaki. Kiwango cha chini kabisa hupatikana alfajiri, muda mfupi kabla ya jua kuchomoza. Watu wa ofisi hupima saa nne asubuhi wakishafika kwa gari. Lagoni inaweza kukabwa roho kila usiku na ofisi isijue mpaka samaki waelee.

Chumvi ni rahisi zaidi. Bahari kuu huwa na gramu kama 35 katika kila kilo ya maji. Ndani ya mikondo ya mikoko wakati wa kiangazi huweza kupita 40, maana jua hukausha maji na kuacha chumvi. Wakati wa masika hushuka sana. Kushuka kwa chumvi mahali pamoja tu pa ufukwe, bila mvua, kunakuonyesha mahali maji ya chini ya ardhi yanapochomoza. Hapo ndipo pa kuchota sampuli zako nyingine, kwa sababu maji hayo yamepita chini ya nyumba, zizi na vyoo kabla ya kukufikia.

Mwanga hupimwa kwa kifaa cha ajabu kwa urahisi wake. Mwaka 1865 Angelo Secchi, padri Mwitalia na mtaalamu wa nyota, alishusha sahani nyeupe baharini kwa kamba na kupima kina ambacho haikuonekana tena. Sahani hiyo bado inatumika duniani kote. Ya kienyeji hutengenezwa kwa mfuniko wa ndoo uliopakwa rangi nyeupe, ukafungiwa jiwe chini na kamba yenye mafundo kila nusu mita. Kwenye maji ya kiunoni haisaidii, maana itafika chini ikiwa bado inaonekana. Itumie kwenye mkondo wenye kina. Majani ya bahari yanaishi kwa mwanga, na tope likizidi hufa kwa giza kabla hayajafa kwa kitu kingine. Tope haliui kwa giza tu: mikoko ina mizizi ya kupumulia inayochomoza juu ya tope. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika mkondo wa Mwache, karibu na Mombasa, ukaifukia mizizi hiyo, na miti ikakauka kwa wingi ingali imesimama.

Virutubisho ni naitrojeni na fosforasi, zilezile zinazouzwa kwenye mfuko wa mbolea. Bahari yetu ya matumbawe kwa kawaida ina njaa yake. Ina virutubisho kidogo mno, na viumbe wake wamezoea kubana matumizi. Zikiingia nyingi kutoka vyooni au mashambani, wanaofaidi ni mwani wa porini na vijimea vidogo vinavyoelea, ambavyo hukua upesi na kuyafunika majani na matumbawe. Hapa kuna mtego. Mimea hiyo hunyonya virutubisho mara tu vinapoingia, kwa hiyo chupa inaweza kuonyesha kidogo wakati vimeingia vingi. Vimeshaliwa. Afadhali kupima klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, kwani huonyesha aliyekula ameshiba kiasi gani.

Bakteria ndio jibu la mwogeleaji. Hatupimi vijidudu vyote vya maradhi. Hupimwa kundi moja linaloishi matumboni mwa watu na wanyama, liitwalo enterokoki, kwa sababu kwenye maji ya chumvi hudumu kuliko bakteria wengine wa kinyesi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2003, liliweka daraja la juu kabisa kwa fukwe ambazo asilimia 95 ya sampuli zake hazizidi enterokoki 40 katika mililita 100. Zikizidi 500, kila anayeogelea hapo ana hatari inayopita asilimia 10 ya kuharisha au kutapika. Jua huwaua bakteria hao, kwa hiyo sampuli ya asubuhi mapema husema kweli kuliko ya adhuhuri. Chupa iwe imechemshwa au imetoka maabara, ichotwe kina cha mkono mmoja chini ya uso wa maji, iwekwe kwenye barafu gizani, na ifike maabara ndani ya saa 6. Iliyolala kwenye buti la gari hadi kesho yake ni ya kumwaga.

Chini ndiko kwenye kumbukumbu

Hata ukichota kwa uangalifu wote huo, umepata habari za saa moja. Kuyauliza maji habari za lagoni ni kumuuliza abiria wa daladala habari za mtaa anaoupita. Mwenye duka la kituoni anajua zaidi. Kwenye lagoni, wenye duka ni wale wasioweza kuhama: majani ya bahari, matumbawe, chaza, jongoo bahari. Wamekula kila kilichopita kwa miezi na miaka, kizuri na kibaya, na miili yao imeandika.

Kuwasoma hakuhitaji maabara. Chukua bomba la plastiki, tengeneza fremu ya mraba ya nusu mita kwa nusu mita. Tandaza kamba ya mita 50 kutoka ufukweni kuelekea mwambani maji yakiwa yamepwa, weka fremu kila baada ya mita 5, na uandike: majani yamefunika sehemu gani ya fremu, ni aina ngapi, yana urefu gani, yana ukoga au hayana, na kuna wanyama wangapi ndani. Rudi mahali hapohapo kila baada ya miezi mitatu. Kazi nzima huisha kabla maji hayajarudi, ikifanywa na watu watatu wasiopiga soga.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni aina, kuliko hata wingi. Kuna majani makubwa yenye mashina magumu, yanayokua polepole na kuishi miaka mingi. Kuna na madogo, yenye majani kama vidole vya mtoto au mabua membamba, yanayokua haraka na kufa haraka. Eneo likichafuliwa au kukanyagwa, makubwa huondoka na madogo hujaza nafasi. Mpita njia ataona bado pamefunikwa kijani na kusema hakuna kilichoharibika. Fremu itaona kwamba msitu umegeuka kichaka.

Kisha wahesabu wale wanyama wa duara wenye miiba. Mmoja au wawili kwenye fremu si neno. Wakizidi ni habari nzito, na habari yenyewe mara nyingi haihusu uchafu kabisa. Katika lagoni ya Diani, kusini mwa Mombasa, wanyama hao waliongezeka wakala majani marefu ya bahari mpaka yakabaki vijiti. Maji hayakuwa na kosa. Waliokosekana ni kikande, changu na samaki wengine wanaowavunja miiba na kuwala, walikuwa wamevuliwa. Chupa ya sampuli ingeweza kuchotwa hapo kila siku mwaka mzima isigundue lolote, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye madema na nyavu.

Ndiyo maana hesabu za dikoni ni sehemu ya kupima maji. Zisiwe za jumla ya kilo tu. Kilo mia za tasi zilizovuliwa na watu kumi kwa saa tatu si sawa na kilo mia zilizovuliwa na watu thelathini kutwa nzima. Andika watu, saa, chombo cha kuvulia, na urefu wa samaki kumi wa kwanza. Samaki wakipungua urefu mwaka hadi mwaka, hilo ni onyo hata kama kilo hazijapungua.

Kwa ufupi: maji huonyesha ya leo, majani, wanyama wa chini na samaki huonyesha ya miezi na miaka. Vyote viwili vipimwe, na visichanganywe.

Yaliyoipata Mar Menor

Kusini-mashariki mwa Hispania kuna lagoni iitwayo Mar Menor, yenye kilomita za mraba kama 135 na kina kisichozidi mita 7 hivi, iliyotengwa na Bahari ya Mediterania kwa ulimi mwembamba wa mchanga. Ilisifika kwa maji maangavu. Mahoteli na maghorofa yalijengwa juu ya ulimi ule, watu wakafurika kila kiangazi.

Mwaka 1979 mfereji mkubwa ulianza kuleta maji ya mto Tajo katika bonde la Segura, na tambarare iliyo nyuma ya lagoni ikageuka kuwa mashamba makubwa ya mboga za kusafirishwa nje. Mbolea ikashuka kwenye maji ya chini ya ardhi na mabonde, ikaishia kwenye lagoni. Miaka ikapita na maji yakaendelea kung'aa. Mimea ya chini ilikuwa ikinyonya mbolea ile, na miaka ya 1990 makundi makubwa ya viwavi bahari yakaongezeka, yakila vijimea vinavyoelea. Waogeleaji walilalamikia viwavi. Wachache waliuliza viwavi wanashibishwa na nini.

Mwaka 2016 uwezo ule wa kunyonya mbolea ulikwisha. Maji yaligeuka kijani kizito, wenyeji wakayaita supu ya kijani. Mwanga haukufika tena chini, na karibu asilimia 85 ya mimea ya sakafuni ikafa. Septemba 2019 dhoruba kubwa ikamwaga maji matamu na udongo. Oktoba samaki na kamba wakaja ufukweni kwa tani, wengine wakitapatapa wazi kutafuta pumzi, maana oksijeni ilikuwa imekwisha chini. Agosti 2021 yakarudi yaleyale.

Hasira za wananchi zikazaa jambo ambalo Ulaya haikuwa imeliona. Saini zaidi ya 600,000 zilikusanywa, na mwaka 2022 bunge likapitisha sheria inayoitambua Mar Menor kuwa mwenye haki mbele ya mahakama, kama mtu. Teresa Vicente, profesa wa sheria aliyeongoza kampeni hiyo, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2024. Sheria ni nzuri. Majani yaliyokufa hayaoti kwa sheria, na mbolea iliyokwisha kuzama ardhini itaendelea kuchuruzika kwa miaka.

Nimeileta habari hii ya mbali kwa sababu ya ile miaka ya kati, ambayo maji yalikuwa maangavu na mahali pameshaanza kuugua. Upande wa mashariki wa Unguja hakuna mashamba makubwa ya mboga, lakini hoteli zimeongezeka, makaro yamechimbwa kwenye mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji bado yanang'aa.

Wanaoyajua maji kwa miguu yao

Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, upande huo wa mashariki, na kwa sehemu kubwa kimekuwa kazi ya wanawake. Kila bamvua wapo majini, wanafunga miche kwa taitai, wanang'oa majani yaliyojisokota kambani. Hakuna mtaalamu aliyekaa saa nyingi hivyo ndani ya maji ya magotini.

Wao ndio walioona kwanza kwamba aina iitwayo kotonii, yenye bei nzuri, haistahimili tena. Matawi hugeuka meupe, yakalainika na kukatika. Ugonjwa huo hufuata joto kali, chumvi ikibadilika ghafla, au mwanga ukipungua. Wengi wamebaki na spinosamu, inayovumilia zaidi na kulipa kidogo, na wengine wamesogea kwenye kina kirefu ambako maji hayachemki. Orodha ya tarehe ambazo mwani uliungua, ikitunzwa kijijini, ni rekodi ya joto ambayo taasisi nyingi zingeilipia.

Lakini haki itendeke pande zote. Shamba la mwani nalo huacha alama: majani ya bahari chini yake hupungua kwa kivuli na kukanyagwa, na wapo wanaoyang'oa makusudi ili kusafisha mahali. Ukipima shambani tu utadhani ghuba nzima imepungukiwa. Weka kamba moja shambani na nyingine mbali na shamba, ujue lipi limeletwa na nini.

Kuanza kijijini

Vifaa vya kuanzia havizidi kapu moja: kipimajoto, sahani nyeupe yenye kamba, kipima chumvi cha mkononi, fremu, futi ya kupimia samaki, daftari na kalamu ya risasi, kwa kuwa wino huyeyuka. Kipima oksijeni ni ghali na huhitaji kurekebishwa mara kwa mara. Ni bora kikaazimwa kwa siku chache za maji mafu wakati wa kaskazi, kikatumika alfajiri, kuliko kununuliwa kikafia kabatini. Kwa bakteria utahitaji maabara.

Kila ukurasa wa daftari uwe na tarehe, saa, mwezi ni wa ngapi, maji yanatoka au yanaingia, upepo, na kama mvua imenyesha siku tatu zilizopita. Bila hayo, namba zote za chini yake ni porojo.

Baada ya mwaka utakuwa na majibu mawili, la chupa na la sakafu, na mara nyingi hayatakubaliana. Usione umekosea. Kutokubaliana kwenyewe ni habari:

- Chupa nzuri, sakafu mbaya: usitafute bomba. Angalia uvuvi, nyavu za kukokota, joto, kukanyaga, nanga.
- Chupa mbaya, sakafu nzuri: uchafu ni mgeni au ni wa msimu, na mimea bado inaubeba. Huu ndio wakati wa bei nafuu wa kuziba karo.
- Zote mbaya: anza na chupa, maana hakuna majani yatakayoota gizani.
- Zote nzuri: endelea kupima, hasa masika.

Jambo la pili katika orodha hiyo ndilo linalopuuzwa zaidi, kwa kuwa hakuna anayeumia bado. Ukilipata, usingoje mwaka wa pili. Pima tena mahali hapohapo siku ya maji mafu, maji yakipwa, kisha pima hatua mia kushoto na hatua mia kulia. Namba zikipanda upande mmoja, fuata upande huo mpaka zifike kilele, na uchore mahali hapo kwenye ramani. Nakala moja mpelekee sheha, au kamati ya ufuo ikiwa uko Kenya. Ya pili ofisi ya mazingira, ambayo Zanzibar ni ZEMA, Tanzania Bara NEMC na Kenya NEMA. Ya tatu ibaki na kamati ya wavuvi. Mwenye karo naye aitwe aone ramani kabla barua haijaandikwa. Wengi hawajui karo lao linaishia wapi.